DeMeco Ryans, kutoka lainibeka hadi kocha mkuu wa Houston Texans: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Septemba msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ukianza, napokea maswali yale yale. Mengine hutoka kwa ndugu walioko nyumbani walioniona pichani nimevaa fulana ya Texans. Mengine hutoka kwa Waswahili wenzangu hapa Houston, wengi wao Wakongo, ambao watoto wao wameanza kucheza mchezo huu shuleni na wao wazazi hukaa jukwaani hawajui nani anamkimbilia nani. Nimeyakusanya hapa. Pale penye kisa nimeandika kwa kirefu, kwingine nimepita haraka.

DeMeco Ryans ni nani?

Ni kocha mkuu wa Houston Texans, timu ya futiboli ya Marekani ya jiji la Houston, Texas. Alizaliwa 28 Julai 1984 Bessemer, Alabama, mji wa chuma pembeni ya Birmingham, huko huko alikozaliwa Bo Jackson, nyota wa zamani wa futiboli na besiboli. Alicheza NFL misimu 10, kuanzia 2006 hadi 2015: sita Houston, minne Philadelphia Eagles. Tarehe 31 Januari 2023 akarudi Houston kama kocha mkuu, akiwa na miaka 38. Ndiye wa kwanza kuichezea Texans kisha akaja kuifundisha kama kocha mkuu.

Mimi najua soka tu. Lainibeka ni nani uwanjani?

Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, karibu mita 9. Ikifanikiwa hupewa nafasi nyingine nne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kazi ya walinzi ni kuwazuia wasifike hizo yadi 10. Mstari wa mbele wa ulinzi ni wa watu wenye miili mikubwa wanaosukumana ana kwa ana, na nyuma kabisa wako wenye mbio wanaochunga pasi ndefu. Katikati yao ndiko walipo malainibeka, ambao lazima wafanye yote mawili: wamkabe anayekimbia na mpira, na warudi nyuma haraka ikipigwa pasi.

Sasa yule lainibeka wa kati ana mzigo wa ziada, na ukiuelewa huo utaelewa kwa nini Ryans amekuwa kocha. Tangu 2008 mlinzi mmoja kwa kila timu huruhusiwa kuwa na redio ndani ya helmeti yake. Utamtambua kwa kibandiko cha kijani chenye duara nyuma ya helmeti. Kocha humpa mpango kupitia redio hiyo, naye huwageukia wenzake 10 na kuwatangazia. Zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, redio hukatwa. Kuanzia hapo hamna kocha. Wapinzani wanaanza kubadilisha mpangilio, mmoja anahama kutoka kushoto kwenda kulia, na yule lainibeka ndiye anayepaza sauti: wewe songa, wewe rudi, wewe mchukue yule. Mtu mmoja anaamua kwa niaba ya kumi na mmoja, huku watu elfu sabini wakipiga kelele.

Kazi hiyo Ryans aliifanya Houston na akaifanya Philadelphia. Wanaosema aliingia kwenye ukocha mwaka 2017 wanahesabu tarehe ya mkataba tu.

Alisoma wapi, na aliingiaje NFL?

Alisoma Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 2005 alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi yao ya SEC, na akamaliza shahada ya uongozi wa biashara kabla hata miaka minne haijatimia. Kwa mtu anayecheza futiboli katika chuo kama Alabama, ambako mazoezi ni kazi ya kutwa, hilo si jambo dogo.

NFL huchukua vijana wa vyuo kila mwaka kwa utaratibu unaoitwa drafti. (Hauhusiani na drafti yetu ya vizibo vya soda barazani.) Timu huchagua kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Mwaka 2006 Texans walikuwa wa kwanza, wakamchukua Mario Williams, na mashabiki wengi wa Houston wakakasirika kwa sababu walimtaka Reggie Bush au Vince Young. Katika kelele hizo hakuna aliyezingatia sana kwamba raundi ya pili, nafasi ya 33, klabu ilimchagua lainibeka wa Alabama. Mwisho wa msimu huyo lainibeka ndiye aliyetangazwa mchezaji bora mpya wa ulinzi wa ligi nzima.

Kwa hiyo alikuwa mchezaji mkubwa kweli, au sifa zimekuja baada ya ukocha?

Alikuwa mkubwa. Mwaka wake wa kwanza tu aliangusha wapinzani zaidi ya mara 150. Alichaguliwa Pro Bowl, ile mechi ya nyota wa ligi, kwa misimu ya 2007 na 2009. Na huo msimu wa 2009 ndio Texans walipata ushindi mwingi kuliko vipigo kwa mara ya kwanza tangu timu ianze kucheza 2002. Wenzake walimwita "Cap", yaani kapteni, na hadi leo wapo wanaomwita hivyo.

Nitasema wazi: hakuwa mwenye mbio kuliko wote wala mwenye mwili mkubwa kuliko wote. Ubora wake ulikuwa kufika. Ukitazama picha za michezo yake ya zamani, mara nyingi anaanza kusogea kabla mpira haujafika kwa mtu anayetarajiwa kuupokea.

Nini kilimpata miguuni?

Kano ya kisigino, ile nene inayounganisha misuli ya mguu na kisigino. Ilimkatika mara mbili, mguu mmoja baada ya mwingine.

Ya kwanza ilikuwa Oktoba 2010, akiwa Texans, mguu wa kushoto. Akafanyiwa upasuaji, akarudi 2011. Ya pili ilikuwa 2 Novemba 2014, mguu wa kulia. Safari hii alikuwa Eagles, lakini mechi ilichezwa Houston, kwenye uwanja ule ule alioanzia kazi, dhidi ya klabu ile ile iliyomwibua. Eagles walishinda 31 kwa 21 siku hiyo, yeye akatolewa nje na msimu wake ukaishia hapo. Alikuwa na miaka 30. Alirudi tena 2015, akacheza msimu mmoja zaidi, na Februari 2016 Eagles wakamwachia.

Watu wa tiba ya michezo watakwambia kano hiyo ni miongoni mwa majeraha mabaya zaidi kwa mtu anayeishi kwa mbio fupi na kugeuka ghafla. Kurudi baada ya mara moja ni kazi. Yeye alirudi mara mbili.

Ni kweli aliwahi kuishtaki timu anayoifundisha?

Ni kweli. Oktoba 2016, akiwa ameshaacha kucheza, alifungua kesi mahakamani Houston akidai dola milioni 10, na Texans na NFL walikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Hoja yake ilihusu nyasi. Alipoumia 2014, uwanja wa Houston, NRG Stadium, ulikuwa na nyasi za asili zilizopandwa kwenye masinia makubwa, zinazotolewa nje na kurudishwa ndani, kwa sababu jengo hilo hutumika pia kwa maonyesho na shughuli nyingine. Masinia yakipangwa pamoja hubaki na viungo kati yake. Ryans alidai kuwa mguu wake uliumia kwa sababu ya hali hiyo ya uwanja. Klabu iliachana na masinia hayo 2015 na kuweka nyasi bandia.

Watu huniuliza swali hili kama vile wamefichua aibu. Mimi naliona tofauti. Mfanyakazi aliumia kazini, akaona mahali pa kazi hapakuwa salama, akaenda mahakamani. Na mwajiri yule yule, miaka sita baadaye, akaona kwamba mtu huyo ndiye anayemhitaji. Pande zote mbili zilihitaji ukomavu kufika hapo.

Kwa nini Houston walimwacha aende mwaka 2012?

Mfumo ulibadilika. Mwaka 2011 Texans walimleta Wade Phillips kuongoza ulinzi, akaja na mpangilio mwingine wenye watu watatu mbele na malainibeka wanne. Ryans, aliyezoea kuwa nguzo pekee ya katikati, akawa anatolewa nje kwenye nafasi ambazo wapinzani walitarajiwa kupiga pasi. Timu ilifika mtoano kwa mara ya kwanza msimu huo, lakini nafasi yake ilipungua, na mshahara wake ulikuwa mkubwa. Machi 2012 wakamhamishia Eagles kwa kubadilishana nafasi za drafti tu. Hawakupata mchezaji yeyote.

Jina la "Mufasa" lilitoka wapi?

Philadelphia. Huko walimpachika jina la yule mfalme wa simba kwenye katuni ya The Lion King, kwa sababu akizungumza chumba kizima hunyamaza. Kwa sisi tunaozungumza lugha iliyompa yule mtoto wa katuni jina la Simba, hili linaeleweka bila maelezo.

Ukocha aliuanzia wapi?

Alianzia chini kabisa, na hapa ndipo ningependa vijana wasome polepole.

Baada ya kuachiwa 2016 alikaa msimu mmoja nje. Mwaka 2017 Kyle Shanahan akateuliwa kocha mkuu wa San Francisco 49ers, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi mbili tu kati ya 16. Shanahan alimfahamu Ryans tangu Houston, ambako alikuwa miongoni mwa makocha wa ushambuliaji kuanzia 2006 hadi 2009. Aliyepewa ulinzi wa 49ers, Robert Saleh, naye alikuwa kocha msaidizi Houston enzi za Ryans. Wote wawili walikuwa wamemwona akiwapanga wenzake uwanjani.

Hata hivyo hawakumpa cheo kikubwa. Walimpa kazi inayoitwa udhibiti wa ubora wa ulinzi. Ni jina zuri kwa kazi ya mdogo ofisini. Mtu wa kazi hii huingia alfajiri, hukata video za mpinzani wa wiki hiyo mchezo kwa mchezo, huandika kila moja ilikuwa nafasi ya ngapi, yadi ngapi zilibaki, nani alisimama wapi. Kisha huchora kadi. Kila kadi ina duara kwa mshambuliaji, alama nyingine kwa mlinzi, na mistari ya njia ambayo kila mmoja atakimbia. Mazoezini kadi hizo huinuliwa juu ili wachezaji wa akiba waigize mpinzani anayekuja Jumapili. Kadi ikichorwa vibaya, timu nzima inajifunza kitu kisichokuwepo.

Mtu aliyewahi kuwa nyota wa ligi, mwenye mamilioni benki, anakaa na kalamu anachora duara. Wapo wengi wenye majina makubwa wanaoikataa kazi hiyo. Ryans aliifanya mwaka mzima.

Alipandaje kutoka hapo?

Mwaka 2018 akawa kocha wa malainibeka wa kati. Mwaka huo huo 49ers walimchagua Fred Warner raundi ya tatu, kijana ambaye chuoni hakuwa akicheza katikati kama anavyocheza sasa. Ilibidi afundishwe kusimama pale, kusikiliza redio, kuwapanga wenzake. Mwalimu wake alikuwa mtu aliyefanya hivyo misimu 10. Kufikia 2020 Warner alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mwaka 2019 akaja Dre Greenlaw wa raundi ya tano, na Azeez Al-Shaair ambaye drafti ilimruka kabisa. Wote wakawa wachezaji wa kutegemewa, na Al-Shaair akaja kumfuata mwalimu wake Houston 2024.

Saleh alipoondoka Januari 2021 kwenda kuwa kocha mkuu wa New York Jets, Ryans akarithi kiti cha mratibu wa ulinzi. Mapema 2022 Minnesota Vikings walimfanyia usaili wa ukocha mkuu, yeye akajiondoa na kubaki San Francisco. Msimu uliofuata ulinzi wake ukawa wa kwanza katika ligi nzima, kwa pointi chache ilizoruhusu na kwa yadi chache pia. Akatuzwa kocha msaidizi bora wa mwaka.

Hesabu: kutoka kuchora kadi hadi ukocha mkuu, misimu sita.

Texans walikuwa katika hali gani alipofika?

Mbaya. Misimu mitatu kabla yake walishinda mechi 4, kisha 4, kisha 3. Na kulikuwa na jambo lililowauma watu wengi: klabu ilimwajiri David Culley ikamfukuza baada ya msimu mmoja, ikamwajiri Lovie Smith ikamfukuza baada ya msimu mmoja. Wote wawili ni Weusi. Ryans alikuwa Mweusi wa tatu kupewa kiti hicho ndani ya miaka mitatu.

Kwa hiyo alipopewa mkataba wa miaka sita, wengi tulisoma namba hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ligi hii ina kanuni ya Rooney tangu 2003, inayozitaka timu kuwasaili waombaji wasio Wazungu zinapotafuta kocha mkuu. Kanuni humpa mtu usaili, haimpi muda. Wachezaji wengi wa NFL ni Weusi, makocha wakuu Weusi wamebaki kuwa wachache, na mwaka mmoja hautoshi kwa mtu yeyote kurekebisha timu iliyovunjika.

Na amefanya nini tangu hapo?

Drafti ya 2023 klabu ilichukua nafasi ya 2 na ya 3 mfululizo: kwotabeki (mpiga pasi anayeongoza ushambuliaji) C.J. Stroud, kisha Will Anderson Jr., mlinzi kutoka Alabama. Mwisho wa msimu Stroud akawa mchezaji bora mpya wa ushambuliaji na Anderson wa ulinzi. Anderson alipata tuzo ile ile aliyoipata kocha wake 2006, akitoka chuo kile kile, akiwa na klabu ile ile.

Timu ilimaliza na ushindi 10, vipigo 7, na ubingwa wa kundi lao. Tarehe 13 Januari 2024 wakawapiga Cleveland Browns 45 kwa 14 nyumbani. Mechi hiyo iliamuliwa robo ya tatu, pale Texans walipounyaka mpira mara mbili, umiliki mmoja wa Browns baada ya mwingine, na kukimbia nao hadi mwisho: kwanza Steven Nelson yadi 82, kisha Christian Harris yadi 36. Harris ni lainibeka, tena wa Alabama. Wiki iliyofuata Baltimore Ravens wakawatoa, 34 kwa 10.

Msimu wa 2024 matokeo yalikuwa yale yale, 10 kwa 7 na ubingwa wa kundi. Kwenye mtoano waliwashinda Los Angeles Chargers 32 kwa 12. Kwotabeki wa Chargers, Justin Herbert, alikuwa amenyang'anywa pasi 3 tu msimu mzima wa kawaida. Siku hiyo moja alinyang'anywa 4. Baada ya hapo Kansas City Chiefs wakawasimamisha, 23 kwa 14.

Ana pete ya Super Bowl?

Hiyo ni pete wanayopewa washindi wa fainali ya ligi. Wakati akicheza hakuipata. Akiwa kocha wa malainibeka wa 49ers alifika fainali ya Februari 2020, wakapoteza kwa Chiefs 31 kwa 20.

Mchezaji mzuri huwa kocha mzuri?

Si lazima. Sean McVay hakucheza NFL hata mechi moja na ameshinda Super Bowl akiwa kocha wa Los Angeles Rams. Upande wa pili, Jerod Mayo alikuwa lainibeka hodari wa New England Patriots, akapewa timu hiyo 2024, na akaondolewa baada ya msimu mmoja wa ushindi 4. Aliyemrithi, Mike Vrabel, naye alikuwa lainibeka wa Patriots, na alishawahi kuwa kocha bora wa mwaka 2021 akiwa Tennessee Titans.

Utaona malainibeka ni wengi katika orodha hiyo. Sababu nimeieleza juu, kwenye redio na sekunde 15. Lakini Mayo alikuwa na redio hiyo pia. Maoni yangu ni kwamba kucheza hukupa macho, na kukaa chini ya makocha wengine ukifanya kazi zisizoonekana hukufundisha namna ya kumfanya mtu mwingine aone unachokiona. Ryans alipata vyote viwili, na hakuruka darasa.

Nikiwa Afrika Mashariki, Texans hucheza saa ngapi?

Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 6 mchana kwa saa za Houston. Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba hiyo ni saa 2 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Marekani wakirudisha saa zao nyuma Novemba, inakuwa saa 3 usiku. Mechi za usiku wa huku utaziona alfajiri.

Mwanangu anacheza shuleni lakini hana mwili mkubwa, na anasema anataka kuwa kocha. Aanzie wapi?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja wa Bukavu, mwanawe ana miaka 14. Nilimwambia aanze wiki hii hii. Timu nyingi za shule huwa na mtu anayepiga video ya mechi na mtu anayechora kadi za mazoezi, na mara nyingi makocha wanatafuta wa kuwasaidia. Mtoto aende kwa kocha wake Jumatatu aombe video ya mpinzani anayekuja, akae nayo na daftari, na aandike kila mchezo: nafasi ya ngapi, yadi ngapi, nani alisimama wapi, nini kilifuata. Akimaliza achore kadi kumi za michezo inayojirudia, ampelekee kocha kabla ya mazoezi ya Jumanne, na amuulize ni zipi amekosea.